Oliver Heaviside na Ujumbe Unaopita Katika Waya

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamejifunza habari za Faraday na za Maxwell, lakini jina la Oliver Heaviside hulisikia wachache. Walakini kila mtu asemaye kwa simu au atumiaye kompyuta anafaidi kazi ya bwana huyu. Na wenzetu waliokwisha kutoka shuleni wakaingia katika kazi ya umeme hulitaja kila siku neno alilolitunga yeye, yaani impidansi, pengine bila kujua limetoka kwa nani. Kwa hiyo nimeona vema kuandika habari za maisha yake, maana ni maisha ya ajabu, na mengine ni ya kusikitisha.

Alizaliwa tarehe 18 Mei, 1850, huko Camden Town katika mji wa London, mtoto wa kiume wa nne na wa mwisho. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa kuchonga picha katika mbao ili zipigwe chapa vitabuni. Kazi hiyo haikuleta mali. Oliver alipokuwa mdogo alishikwa na homa ya vipele vyekundu, akapona, lakini masikio yake yakabaki mazito. Watoto wenziwe walipocheza njiani yeye hakuweza kufuata maneno yao, akazoea kukaa peke yake. Nadhani mtu akitaka kuelewa mambo yote yaliyompata baadaye, aanzie hapo.

Shuleni alikuwa hodari. Mwaka 1865 alifanya mtihani pamoja na wanafunzi zaidi ya 500, akawa wa tano, naye akashinda katika elimu ya viumbe na maumbile. Lakini katika jometri ya Euclid alifanya vibaya sana. Hakupenda kukariri hoja zilizopangwa na watu wengine. Alipofika miaka 16 shule ikaisha, maana fedha haikuwapo, na hakuingia chuo kikuu hata siku moja. Hayo aliyoyajua baadaye, ambayo maprofesa walihangaika kuyafahamu, alijifundisha mwenyewe nyumbani.

Bahati yake ilikuwa moja: dada ya mama yake aliolewa na Charles Wheatstone, mmoja wa wale waliobuni simu ya maandishi. Mjomba huyo akawashauri vijana waingie katika kazi ya simu. Kaka yake Arthur alikwenda Newcastle, na Oliver akamfuata. Kisha, mwaka 1868, akaajiriwa kupokea na kupeleka simu huko Fredericia katika nchi ya Denmark, ambako waya mpya ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Uingereza. Hiyo ndiyo kazi ya mshahara aliyoifanya maishani, nayo haikufika miaka saba.

Sasa yafaa tueleze kidogo shida ya waya wa baharini, maana ndiyo iliyomfanya Heaviside awe Heaviside. Waya wa kwanza uliovuka bahari ya Atlantiki, mwaka 1858, ulileta salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani. Maneno yalikuwa 98 tu, na yalichukua muda wa saa 16 hivi kupita. Baada ya wiki chache waya ukafa kabisa. Sababu ya ule upole ni kwamba alama ya umeme ikitiwa upande mmoja kwa ghafula, haitoki upande wa pili kwa ghafula. Hutoka imetanuka, kama tone la wino juu ya karatasi mbichi. Na alama ya pili ikifuata upesi, zote mbili huchanganyika, asiweze mtu kusoma kitu.

Mtaalamu mkubwa William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa ameeleza jambo hilo katika miaka ya 1850. Alichukua hesabu za joto lipitalo katika fimbo ya chuma, akaziweka katika waya. Tia ncha ya chuma motoni, nawe ushike ncha ya pili: joto halikufikii mara moja, bali huja polepole na kuzidi kidogo kidogo. Ndivyo umeme ulivyo katika waya mrefu uliofunikwa na gutaperka na kuzungukwa na maji. Thomson alionyesha kwamba ukiuongeza urefu wa waya mara mbili, kuchelewa huzidi mara nne. Hesabu hiyo ilikuwa ya kweli kwa nyaya za siku zile, na kwa msaada wake waya wa Atlantiki wa mwaka 1866 ulifanya kazi vizuri. Hata waya uliofika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden, ambao uliiunganisha pwani yetu na dunia, ulikuwa wa namna hiyo hiyo, nao ulikuwa na upole ule ule.

Lakini Heaviside, katika kazi yake ya Denmark, aliona mambo yaliyomsumbua. Alama zilikwenda upesi zaidi kuelekea upande mmoja kuliko upande wa pili, ijapokuwa waya ni ule ule. Wengine waliona hivyo wakaacha. Yeye alikaa akapiga hesabu mpaka akaona kwamba sababu si waya wenyewe, bali ni vile vitu vilivyofungwa katika ncha zake, yaani betri upande huu, chombo cha kupokea upande ule, na nyaya za nchi kavu katikati yao. Akaona na jambo jingine la kushangaza: waya wenye kasoro, unaovujisha umeme kidogo baharini, pengine husema wazi kuliko waya mzima.

Mwaka 1874 aliacha kazi. Alikuwa na miaka 24, akarudi London nyumbani kwa wazee wake, akajifungia chumbani. Watu wa ukoo walidhani atapumzika kidogo tu. Hakuajiriwa tena mpaka kufa. Mwaka mmoja kabla ya hapo James Clerk Maxwell alikuwa ametoa kitabu chake kikubwa cha umeme na sumaku, na Heaviside alikiona akafahamu kwamba kuna utajiri ndani yake, ila hakuweza kukisoma, maana hisabu yake ilikuwa juu mno. Basi akaanza kujifundisha hisabu hiyo. Ilimchukua miaka kadha. Maxwell mwenyewe alifariki mwaka 1879, na mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote akawa kijana ambaye hakupata kumwona.

Toka mwaka 1876 Heaviside alianza kuitengeneza upya hesabu ya waya. Thomson alikuwa ameweka vitu viwili: ukinzani, ambao hula nguvu ya umeme, na kapasitansi, yaani uwezo wa waya kuweka umeme kama mtungi unavyoweka maji. Heaviside akaongeza vingine viwili. Kimoja ni ule mvujo tulioutaja. Cha pili ni induktansi, ambayo ni kama uzito wa mkondo: gari lililojaa mizigo ni gumu kuliondosha, na likiisha kwenda ni gumu kulisimamisha. Vitu hivi vinne vikiwamo pamoja, umeme katika waya hauwi tena kama joto linalotambaa katika chuma. Huwa wimbi, na wimbi hukimbia.

Hata ilipofika mwaka 1887 akapata jawabu kubwa kuliko yote. Gawanya ukinzani wa waya kwa induktansi yake. Kisha gawanya mvujo kwa kapasitansi. Hesabu hizo mbili zikiwa sawa, alama itafika imepungua nguvu, lakini umbo lake halitaharibika hata kidogo. Sauti nene na sauti nyembamba zitakwenda kwa mwendo mmoja. Nyaya za kawaida hazina usawa huo, kwa kuwa ukinzani ni mwingi na mvujo karibu si kitu. Waweza kuuleta usawa kwa kuongeza mvujo, na ndiyo sababu ule waya mbovu ulisema wazi. Lakini hapo nguvu hupotea njiani. Afadhali kuongeza induktansi. Alishauri, pamoja na njia nyingine, kufunga koili katika waya, moja baada ya moja, kwa masafa maalum.

Msomaji atafikiri kwamba watu wa simu walimshukuru. Sivyo. Mkubwa wa mambo ya umeme katika Posta ya Uingereza siku zile alikuwa William Preece, mtu mwenye cheo na sifa, lakini hisabu hakuipenda. Yeye alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu kwamba induktansi ni adui wa simu na lazima iondolewe. Mwaka ule ule wa 1887 Arthur, ambaye alikuwa mfanyakazi wa Posta, aliandika makala pamoja na Oliver juu ya simu ya mdomo, na ndani yake mlikuwa na neno la kuisifu induktansi. Kwa kuwa Arthur alikuwa chini ya Preece, makala ilibidi ipite kwake, naye akaizuia isitoke. Baada ya muda mfupi mhariri wa gazeti la The Electrician, aliyekuwa akizichapa makala za Oliver kwa miaka kadha, akaondolewa kazini, na makala zenyewe zikasimama. Arthur alikuwa na mshahara wa kulinda, akanyamaza. Oliver hakuwa na mshahara, wala hakunyamaza. Tangu hapo kila alipopata nafasi katika maandishi yake alimchoma Preece kwa maneno makali na ya mzaha. Mimi naona mzaha ule ulimpunguzia marafiki, walakini ni vigumu kumlaumu.

Aliyemwokoa ni wimbi lenyewe. Mwaka 1888 Heinrich Hertz huko Ujerumani alionyesha kwa vyombo kwamba mawimbi ya umeme yapo kweli, kama Maxwell alivyosema, na watu wakatafuta nani anayejua habari zake. Wakamkuta mtu maskini kiziwi ambaye alikuwa ameziandika tayari. Mwezi wa Januari 1889 Thomson, akiwa rais wa chama cha mainjinia wa umeme, alimsifu Heaviside mbele ya mkutano. Mwaka 1891 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mtu wa elimu katika nchi ile. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia Paignton, katika jimbo la Devon, pamoja na wazee wake, juu ya duka la vyombo vya muziki la kaka yake Charles.

Wanafunzi wa fizikia watapenda kujua kwamba ile milinganyo minne iitwayo milinganyo ya Maxwell haikuandikwa na Maxwell katika umbo tunalolijua. Maxwell alikuwa na milinganyo 20. Katika miaka ya 1884 na 1885 Heaviside aliipunguza, akaiandika kwa vekta, na Hertz naye akafika karibu na hapo kwa njia yake. Hakuongeza neno jipya juu ya maumbile. Alibadili sura ya maandishi tu. Lakini kitu kikiwa katika sura nzuri, mtu huweza kukitumia.

Kubadili sura ndiko kulikokuwa kipawa chake. Alipokutana na hesabu za kalkulasi zilizohusu mkondo unaobadilika kwa wakati, alikichukua kile kitendo cha kutafuta kasi ya badiliko, akakiita kwa herufi moja tu, p, kisha akaichezea kama nambari: akaizidisha, akaigawanya, hata akatafuta kipeo chake cha pili. Hesabu ngumu ikawa aljebra ya darasani. Kwa njia hiyo chombo chote, chenye koili na vitu vingi ndani, kiliweza kuandikwa kama kitu kimoja kitazamwacho kutoka katika ncha zake mbili. Majibu yalikuwa sahihi, ila hakuweza kueleza kwa nini kwa namna iliyowaridhisha wanahisabu wa Cambridge. Mwaka 1894 Royal Society ikaikataa sehemu ya tatu ya makala yake juu ya jambo hilo. Baadaye, toka mwaka 1916, Bromwich na wengine walileta uthibitisho uliotakiwa.

Hapa ningependa wasomaji wanaofanya kazi ya mitambo watazame jambo la siku hizi, waone jinsi lilivyo la Heaviside. Katika bamba la kompyuta umeme hukimbia karibu sentimita 15 kwa nanosekunde moja, na alama huinuka kwa muda mfupi kuliko nanosekunde hiyo. Kwa hiyo kipande cha shaba chenye urefu wa kiganja ni kama ule waya wa Denmark. Alama hurudi nyuma ikigonga mahali ambapo impidansi imebadilika, na kutanuka, na kuchanganyika na mwenziwe. Fundi hawezi kutengeneza bamba kisha akajaribu tu; hupiga hesabu kwanza kwa programu.

Programu iliyo maarufu kwa kazi hiyo, SPICE, ilitolewa mwaka 1973 na Laurence Nagel katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, chini ya mwalimu wake Donald Pederson. Mfano wa SPICE hueleza kila transista iliyo ndani ya chombo. Ni mfano wa kweli, lakini una mambo mawili mabaya: ni wa polepole, na mwenye kiwanda hapendi kuutoa nje, maana ni kama kumpa jirani siri zako. Ndipo kampuni ya Intel, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipoanzisha namna nyingine iitwayo IBIS, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1993. Hiyo haisemi neno juu ya yaliyomo ndani. Husema tu: ukiweka volti kadha katika pini hii, mkondo utakuwa kadha, na chombo kikigeuka kutoka chini kwenda juu, volti zitapanda hivi kwa muda huu. Ni mfano wa kitu kitazamwacho kutoka nje, kama Heaviside alivyokitazama.

Kuubadili mfano wa SPICE uwe wa IBIS ni kazi ya mikono na ya uangalifu. Chombo hushikwa katika hali ya juu, volti za pini zikazungushwa kutoka chini ya sifuri mpaka kupita volti za chakula chake, na mkondo ukaandikwa katika jedwali. Kisha vivyo hivyo katika hali ya chini. Halafu hufungwa mzigo, mara nyingi wa ohm 50, na kupanda na kushuka kwa alama kukaandikwa. Huongezwa kapasitansi ya kidude chenyewe, na ukinzani, induktansi na kapasitansi ya ganda lake, kisha yote hufanywa mara tatu: kwa chombo cha kawaida, cha polepole, na cha upesi. Wengi hujikwaa katika mambo mawili. Jedwali la hali ya juu huhesabiwa kutoka volti za chakula, si kutoka sifuri. Tena mkondo wa zile dayodi za ulinzi huandikwa katika majedwali yake peke yake, na usipoutoa katika yale mengine utahesabiwa mara mbili. Fundi mwaminifu humaliza kwa kuziweka namna zote mbili katika njia moja na mzigo mmoja, akalinganisha mawimbi. Kurudi nyuma hakuwezekani kamili: kutoka IBIS waweza kutengeneza mfano wa SPICE wenye tabia ile ile, lakini transista zenyewe huzipati tena, kama vile huwezi kurudisha unga uwe punje.

Turudi kwa bwana wetu. Koili zake zilifungwa katika nyaya mwishowe, ila si Uingereza, na si kwa faida yake. Huko Marekani George Campbell, wa kampuni ya simu ya AT&T, na Michael Pupin, profesa wa New York aliyetoka katika nchi za Waserbia, walitafuta umbali ambao koili zinapaswa kuachana, wakaupata katika mwaka 1899. Pupin akaandikisha haki, na kampuni ikamlipa mamia ya maelfu ya dola. Simu ya mdomo, ambayo zamani ilikwenda mwendo mfupi, sasa ikavuka majimbo. Heaviside hakuwa ameandikisha haki ya koili, akabaki bila senti. Husemekana kwamba Wamarekani walimtolea fedha, naye akakataa kuipokea isipokuwa wakubali wazi kwamba wazo lilikuwa lake peke yake.

Wakati ule alikuwa akiishi kwa msaada. Rafiki zake walimwombea serikalini, na toka mwaka 1896 akapewa paundi 120 kwa mwaka. Hata hiyo ilikuwa kazi kumpa, maana alikuwa mtu wa kukasirika upesi akidhani anapewa sadaka. Mama yake alifariki mwaka 1894, na baba yake mwaka 1896; akahamia Newton Abbot peke yake, ambako watoto wa mtaani walimdhihaki na kumtupia mawe madirishani. Furaha yake ilikuwa baiskeli, na ziara za Bwana Searle wa Cambridge, aliyemjia mara kwa mara wakapanda baiskeli pamoja katika vilima vya Devon. Mwaka 1908 alihamia Torquay, katika nyumba ya Mary Way, shemeji wa kaka yake. Chuo Kikuu cha Göttingen kilikuwa kimempa udaktari wa heshima mwaka 1905, na mwaka 1922 mainjinia wa umeme walimpa nishani ya Faraday, akiwa mtu wa kwanza kuipata. Ilibidi waipeleke mpaka kwake.

Limebaki jambo moja. Mwaka 1901 Marconi alikuwa amevusha alama ya simu isiyo na waya juu ya Atlantiki, na watu wakastaajabu kwa nini mawimbi hufuata mviringo wa dunia badala ya kwenda moja kwa moja angani. Mwaka 1902 Heaviside aliandika kwamba huenda liko tabaka juu ya anga lipitishalo umeme, ambalo huyashika mawimbi. Kennelly wa Marekani alisema vivyo hivyo mwaka ule ule. Kwa miaka zaidi ya 20 ilikuwa dhana tu. Mwezi wa Desemba 1924 Edward Appleton na Miles Barnett walisikiliza huko Oxford mawimbi yaliyotoka katika mtambo wa BBC wa Bournemouth, wakapima na kuona kwamba mengine yalikuwa yakirudi kutoka juu. Tabaka lilikuwapo. Appleton alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Heaviside alifariki huko Torquay tarehe 3 Februari, 1925, hata miezi miwili haijatimia tangu jaribio lile. Alizikwa Paignton, katika kaburi la baba na mama yake.